Ujira Usilale Kwako

Kuna andiko ambalo sijawahi kuliona limebandikwa sebuleni kwa mtu: "mshahara wake aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi." Ni Walawi 19:13. Tunaukimbilia mstari wa 18 wa sura hiyohiyo, ule wa kumpenda jirani kama nafsi yako, ambao Yesu aliutaja kuwa amri ya pili. Lakini kabla ya kufika huko, sura imekwisha kuuonyesha upendo wenyewe: masazo ya mavuno aachiwe maskini na mgeni, kiziwi asilaaniwe, kipofu asiwekewe kwazo, kibarua alipwe siku ileile.

Kumbukumbu la Torati 24:15 inatoa sababu: huyo ni maskini, na moyo wake umeutumainia ujira ule. Fedha hiyo ameshaipigia hesabu kabla hajaishika. Ukimwambia "njoo kesho", anarudi kwa wanawe mikono mitupu baada ya kutwa nzima ya jasho, nawe unalala na chakula chao mfukoni.

Kinachoniumiza zaidi ni tunavyomsoma Malaki. Sura ya 3 mstari wa 10, "leteni zaka kamili ghalani", wengi tunaujua kwa moyo, na mimi naamini katika kutoa zaka. Ila mistari mitano tu juu yake Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake. Mdhulumu ujira ametajwa pumzi moja na mchawi! Anayetoa zaka huku dada wa kazi akimdai mishahara ya miezi hajamtii Malaki. Amechagua kipande kinachomfaa. Natamani wahubiri wetu waanzie mstari wa 5.

Hata ule mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, tunabishana juu ya dinari moja kwa wote, waliowahi kazini na waliochelewa, na kupita haraka kwamba kulipokuchwa tu, mwenye shamba aliagiza watu walipwe.

Yeremia 22 ndiyo inayonisimamisha kila nikiisoma. Mfalme Yehoyakimu anajenga jumba pana, madirisha makubwa, mbao za mierezi, rangi nyekundu, na mafundi hawalipwi. Nabii anamkumbusha baba yake, Yosia, aliyewatetea maskini na wahitaji, kisha Bwana anauliza: je, huko siko kunijua mimi? Kipimo hicho hakitaji wingi wa sala wala sadaka.

Wapo wasiolipa kwa sababu kweli hawana. Hao waseme ukweli kabla kazi haijaanza, ili mtu achague mwenyewe. Na aliye nazo, anayechelewesha tu kwa kuwa anayemdai ni mnyonge asiye na pa kumshtaki, asingoje Jumapili kwenda kutubu. Atume hela ya watu leo, kabla jua halijazama.