Tuanze na Ukuta, Jedwali la Tofauti Litafuata

Fungua daftari la Baiolojia la mwanafunzi wa sekondari, ukurasa wa bakteria na virusi. Kushoto kuna bakteria kama soseji yenye mkia. Kulia kuna kirusi chenye kichwa cha pembepembe na miguu ya buibui. Vimechorwa vikilingana, na chini yake kuna jedwali la tofauti la kukariri. Huo mchoro wa kulia ndio unaonikera. Mara nyingi kinachochorwa ni kirusi kiitwacho T4, nacho hakina habari na binadamu: kinashambulia bakteria aina ya E. coli. Mwanafunzi anamaliza shule akiamini mafua yanaletwa na kidude chenye miguu.

Kabla ya ukuta, tupime ukubwa kwa rula. Mikromita moja iwe sentimita 10 ubaoni. E. coli mwenye urefu wa mikromita 2 anakuwa sentimita 20, karibu shibiri moja. Chembe nyekundu ya damu inafika sentimita 70 na ushee. Kirusi cha UVIKO au VVU, chenye kipenyo cha takriban mikromita 0.1, kinakuwa sentimita moja tu, punje ya hindi. Kirusi cha polio ni milimita 3, punje ya mtama. Sasa chora ribosomu, kile kiwanda cha kutengenezea protini: milimita 2, punje ya ulezi. Bakteria anayekua kwa kasi anazo maelfu kwa maelfu. Kirusi cha polio chenyewe kimeizidi ribosomu kidogo tu, na ndani ya ganda lake la protini mna uzi mmoja wa RNA (maagizo ya urithi ya kirusi) wenye herufi kama 7,500. Kiwanda kingekaa wapi? Ndiyo maana lazima kiingie kwenye seli ya mtu na kutumia viwanda vya mwenye nyumba. Ukishaliona hilo ubaoni, sentensi ya "virusi huzaliana ndani ya seli hai tu" haihitaji kukaririwa. Hadubini ya mwanga nayo inaishia kwenye mikromita 0.2, yaani sentimita 2 za ubao wetu. Virusi karibu vyote viko chini ya hapo.

(Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Wengi wetu husema "bakteria hawa wanakula" lakini "virusi hivi vinaingia". Ngeli imeshaamua ugomvi wa nani hai na nani si hai kabla ya mwalimu kufika.)

Baada ya ukubwa, ukuta. Hapa ndipo ningetumia vipindi vingi kuliko mahali pengine, kwa sababu kazi ya ukuta inaonekana kwa macho kupitia hadubini, na mtindi wa kawaida unatosha. Chukua mtindi kiasi cha kichwa cha kiberiti, uchanganye na tone la maji kwenye slaidi, utandaze uwe mwembamba hadi maandishi ya gazeti yasomeke kupitia kwake. Uache ukauke wenyewe, kisha pitisha slaidi juu ya mwali mara tatu. Weka kristali vayoleti (rangi ya zambarau) dakika 1, suuza. Iodini dakika 1, suuza. Halafu dondosha alkoholi ya asilimia 95 kwa sekunde 10 hadi 20, mpaka inayotiririka isiwe na rangi, na usuuze papo hapo. Malizia na safranini (rangi ya waridi) dakika 1. Tazama kwa lenzi ya mafuta, ukuzaji wa mara 1,000: bakteria wa maziwa wanatokea zambarau, fito na minyororo ya viduara.

Mbinu hii ni ya Hans Christian Gram, mwaka 1884, na inapima ukuta. Vayoleti na iodini vikiungana huwa mabonge. Bakteria mwenye ukuta mnene wa peptidoglaikani (malighafi ya ukuta wa bakteria), akipata alkoholi, ukuta unakauka na kujibana, mabonge yananaswa. Mwenye ukuta mwembamba na utando wa mafuta juu yake, kama E. coli, utando unayeyuka, zambarau inatoka, naye anachukua uwaridi wa safranini.

Hatua ya alkoholi ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Ukizidisha muda, hata wenye ukuta mnene wanageuka waridi. Slaidi ikiwa nzito, alkoholi haifiki chini na kila kitu kinabaki zambarau. Mtindi uliokaa sana nao unadanganya: bakteria waliozeeka au kufa kuta zao zinavuja, kwa hiyo utapata rangi mbili kwa bakteria wa aina moja.

Mwanafunzi aliyeona ukuta ukishika rangi ana mahali pa kuipachika penisilini. Penisilini na nduguye amoksilini huzuia vimeng'enya vinavyofunga matofali ya peptidoglaikani. Bakteria anaendelea kukua, ukuta unabaki na nyufa, maji yanaingia, anapasuka. Seli zetu hazina ukuta, ndiyo maana dawa haitupasui sisi. Na kirusi cha mafua hakina ukuta wala ribosomu, kwa hiyo vile vidonge vya rangi mbili vinavyonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya mafua havina cha kushika. Vinachofanya ni kuua bakteria dhaifu waliomo tumboni na kuwaachia nafasi walio sugu.

Dawa za virusi hulenga vifaa ambavyo kirusi kimekuja navyo chenyewe. VVU, kwa mfano, kina kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, na baadhi ya ARV hukizuia hicho.

Upande wa virusi, cha kufundisha kwa nguvu ni koti. UVIKO, mafua ya influenza, VVU na Ebola vina utando wa mafuta juu ya ganda la protini. Sabuni inauchana na kirusi kinakufa kazi. Rota, polio na homa ya ini A havina utando huo. Ganda tupu la protini linavumilia, na vitakasa mikono vya spiriti havina nguvu sana juu ya baadhi yake, kama polio na homa ya ini A. Kwa mtoto anayeharisha, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usugue sekunde 20, vijidudu vichukuliwe na maji. Sakafu iliyochafuka ifutwe uchafu kwanza, kisha ipakwe klorini ya asilimia 0.5: jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6. Ukimwagia juu ya kinyesi bila kufuta, kinyesi kinaimaliza klorini kabla haijafika kwa kirusi.

Kwenye mtihani, "taja tofauti nne" ningeifuta na kuweka hili: "Mgonjwa ana nimonia inayoletwa na Mycoplasma, bakteria asiye na ukuta wa seli. Amepewa amoksilini, hakupata nafuu. Daktari akabadilisha, akampa azithromaisini, ambayo huzuia ribosomu za bakteria. Kwa kutumia mchoro, eleza kwa nini dawa ya kwanza ilishindwa na ya pili ina nafasi ya kufanya kazi. Je, azithromaisini ingeua kirusi cha mafua? (Alama 8)"