Hongera ya dakika mbili

Wiki chache zilizopita, kijiweni Magomeni, watu wawili niliowahi kuwa nao kwenye kundi moja la WhatsApp walibishana mbele yangu mpaka kahawa ikapoa. Mmoja alisema kundi letu la mwaka 2020, wakati wa korona, ndilo lililomwezesha kumaliza riwaya yake ya kwanza. Mwenzake akasema kundi hilohilo ndilo lililomharibia mkono: lilimsifu mpaka akaacha kusahihisha. Wakanigeukia niamue, maana mimi ndiye niliyekuwa admini. Sikuamua. Nilimalizia kashata yangu nikaondoka na deni la jibu.

Kabla sijalilipa, tukumbushane hali ilivyokuwa, kwa sababu siku hizi namsikia kila mtu akisimulia habari za "tulipofungiwa ndani" kana kwamba Dar es Salaam ilifungwa. Haikufungwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kesho yake zikaja amri za kufunga shule na kuzuia mikusanyiko. Lakini masoko yalibaki wazi, misikiti na makanisa vilevile, na daladala ziliendelea kukimbia kwa sharti la kila abiria kukaa, "levo siti" kama makonda walivyokuwa wakipiga kelele. Mbele ya kila duka paliwekwa ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kafyu tangu 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Sisi tulijifungia kwa hiari, na aliyejifungia ni yule aliyekuwa na uwezo wa kujifungia. Hapo ndipo penye mzizi wa ubishi wa kijiweni, ingawa wale wawili hawakupagusa.

Tulikuwa saba: watano wa hapa Dar, dada mmoja wa Mombasa, na kijana aliyekuwa amekwama Nairobi. Sharti letu lilikuwa moja. Kila siku kabla ya saa sita usiku uwe umetuma maneno 500 ya kazi yako, iwe riwaya, tamthilia au tenzi. Usipotuma, faini shilingi 1,000. Mshairi alihesabiwa beti.

Nianze na upande wa sifa, maana una haki yake. Miongoni mwetu alikuwepo mwalimu wa Kiswahili wa shule binafsi. Shule ilipofungwa, mshahara wake ulikatwa nusu, kisha ukawa unakuja ukipenda. Ana watoto watatu na chumba cha kupanga Sinza. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "sasa una muda wa kuandika" unamtukana, maana muda anao, utulivu ndio hana. Lakini aliandika. Kila usiku, watoto wakishalala, anawasha bando la usiku na kutuma kurasa zake, na kila usiku anakuta watu sita wanauliza mhusika wake, Mzee Kiboko, amefikia wapi na yule mwanamke wa Bagamoyo. Hatukumpa fundisho lolote la uandishi. Tulimpa watu wa kumsubiri. Mara mbili tulichanga tukamtumia hela ya unga kwa simu, na hadi leo nasema ule ndio ulikuwa mchango wetu mkubwa zaidi kwa fasihi mwaka ule. Wapo watakaosema unga si fasihi. Wajaribu kuandika mazungumzo ya wapenzi huku mtoto anauliza kama leo kuna chai.

Riwaya ikaisha, sura 22. Bila kundi isingeisha, na mwenyewe anakiri.

Sasa upande wa pili. Juzi nimerudi kwenye simu ya zamani nikasoma mazungumzo yetu ya Aprili na Mei. Sura ya sita ya mwalimu, kurasa nane, ilitumwa saa tatu na dakika kumi na mbili usiku. Saa tatu na dakika kumi na nne kuna mtu ameandika "Moto sana mwalimu, hongera!" na alama tatu za makofi. Kurasa nane kwa dakika mbili. Mtu huyo ni mimi.

Mhariri aliyekuja kuisoma baadaye alimrudishia mswada na maelezo mafupi: sura nne za mwanzo zinaweza kuondoka zote na msomaji asigundue. Alikuwa na haki. Nimezisoma upya, safari hii kweli, na Mzee Kiboko anaamka, ananawa, anakunywa chai na kulaumu serikali ya mtaa katika sura zote nne. Mtu yeyote kati yetu saba angeliona hilo kama angesoma. Tuliliona? Nadhani wawili waliliona wakanyamaza, kwa sababu siku zile kila asubuhi mtu alikuwa anaamkia habari za msiba, na nani angekuwa na moyo wa kumwambia mwenzake mwenye nusu mshahara kwamba mhusika wake anakunywa chai kupita kiasi?

Kuna jambo lilinishangaza nilipokuwa nikisoma. Upole huu haukuwagusa washairi. Katika kundi lilelile, usiku uleule, mashairi yalichambuliwa kama samaki wa Feri. Nina mfano. Mwenzetu alituma ubeti wenye mshororo huu: "Mlango nimeufunga, moyo umebaki nje." Kipande cha kwanza hakina ubishi, ni mizani nane, yaani silabi nane. Cha pili kikaleta zogo. Kijana wa Nairobi akahesabu kwa vidole akapata saba: mo-yo-u-me-ba-ki-nje. Akasema ubeti ni kilema. Mwenye shairi akakataa. Wakavutana hadi dada wa Mombasa akaingia na sauti ya dakika sita, kuku wakisikika nyuma yake, akaeleza kwamba "nje" si silabi moja. Ile "n" inabeba mizani yake yenyewe, kama ilivyo katika "nchi" na "nne", na ndiyo maana unapolitamka neno lile sauti inaegemea hapohapo mwanzoni. Kwa hiyo ni nane. Kijana akakubali, na kesho yake yeye ndiye aliyemuonyesha mwingine mahali kina cha kati kilipopotea.

Hakuna aliyenuna. Nimejiuliza kwa nini, na jibu ninaloliona ni kwamba ushairi wetu wa mapokeo una kipimo kilicho nje ya watu wawili wanaozungumza. Nikikwambia mizani imezidi, sijakwambia huna kipaji. Nimekwambia hesabu vidole. Riwaya haina mizani. Nikikwambia sura yako inalegea, nimekuhukumu wewe na hukumu imetoka kwangu. Rafiki anaiogopa hukumu hiyo, akikosa kipimo anakimbilia hongera.

Tena washairi wana mila ya kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana beti zenye miba katika karne ya 19 (hao hawakuwa marafiki hata kidogo, lakini kila mmoja alilazimika kumsoma mwenzake neno kwa neno ili apate la kumjibu). Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka hapa Dar mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na shairi la mtu lilikuwa mwaliko wa kujibiwa. Kumjibu mtu kwa beti ni kumheshimu. Kumwacha bila jibu ndiyo dharau. Waandishi wa riwaya hatukurithi kitu kama hicho. Tulichokikuta kwenye simu ni simulizi zinazokatwa vipande, "itaendelea", na mashabiki wanaodai kipande kijacho. Hilo si jambo baya. Linauza, na wapo wanaoishi kwa kuuza sehemu zilizobaki kwa malipo ya simu. Lakini shabiki anataka kujua nini kitatokea. Sisi tuliokuwa marafiki wa kalamu tulitakiwa kuuliza kwa nini hiki kimetokea, na tukajikuta nasi ni mashabiki.

Wapo wanaosema tatizo ni kundi lenyewe, kwamba mwandishi akae peke yake, na korona ilikuwa zawadi ya upweke tuliyoichezea kwa kuchati. Siafiki. Shaaban Robert, huku ajira ya serikali ikimhamisha kituo hadi kituo, alimwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge barua tangu 1931 hadi 1958, na ndani yake yamo mahangaiko ya vitabu vyake. Hata yeye alihitaji sikio. Tofauti ni kwamba barua ile ilisafiri, ikasomwa, ikawekwa, na jibu likaandikwa na mtu aliyekaa kitako. Haikujibiwa kwa dakika mbili.

Kuna la tatu, na hili linanichoma kuliko la hongera. Mmoja wetu alikuwa na meza ya vifaa vya simu Kariakoo. Hakujifungia hata siku moja, angekula nini? Anatoka Tandika alfajiri, anarudi usiku baada ya kugombania siti, kwa sababu daladala iliyobeba walioketi tu ilikuwa inajaa upesi. Maneno 500 yalikuwa yanamkuta amesinzia. Wiki ya kwanza alilipa faini siku tatu, ya pili siku tano. Nilikuwa napokea zile shilingi elfu moja mimi, na nilikuwa namjibu kwa kicheko: "Nidhamu kaka!" Mwanzoni mwa Mei akatuma kitu cha maneno kama mia mbili, kuhusu mteja aliyekataa kupokea chenji kwa mkono, akaomba iwekwe juu ya kaunta na kunyunyiziwa dawa. Hakuna aliyesema lolote kuhusu maandishi yale isipokuwa kwamba hayajatimia. Siku mbili baadaye akatoka kwenye kundi.

Nimeyasoma tena. Katika yote yaliyoandikwa na sisi saba miezi ile, hayo mia mbili ndiyo pekee yaliyouona mji ulivyokuwa. Sisi wengine tuliandika kuhusu madirisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale wa kijiweni ni kwamba yule wa kwanza yuko sahihi kwa miezi mitatu, na wa pili kwa muda wote uliofuata. Wakati ule mtu alihitaji kusubiriwa, na kusubiriana tulikuweza. Shule zote zilipofunguliwa tarehe 29 Juni mwalimu alirudi darasani, kundi likanyamaza, na hapo ndipo kila mmoja alipaswa kuchukua mswada wa mwenzake na kalamu nyekundu. Hatukufanya hivyo. Kila mtu alibaki na hongera zake. Kuhusu mwenzetu wa Kariakoo hakuna upande wa pili. Tulikosea, na faini ile tungemlipa yeye.

Nilimtafuta. Ana duka sasa, si meza, na haandiki. Nilimwomba ruhusa ya kuyasoma yale maneno mia mbili mbele ya watu. Akacheka, akasema hata hakumbuki kama ni yake.

Mwalimu bado anaandika. Mwezi uliopita alinitumia sura ya kwanza ya riwaya nyingine, kurasa kumi na moja. Nilikaa nayo siku nne, kisha nikamtumia sauti ya dakika kumi na tatu, ikiwa na habari za ukurasa wa tatu ambako, kwa maoni yangu, hadithi ndiyo inaanzia. Tiki zimegeuka bluu. Jibu bado.