Thespis au Apul Apul: somo la kwanza la maigizo lianzie wapi?

Niliwahi kuketi nyuma ya madarasa mawili ya wanafunzi wanaoanza kusoma sanaa za maonyesho, moja Kisumu, jingine upande wa Bungoma. La Kisumu lilianzia Athens. Mwalimu aliandika ubaoni "Thespis, 534 K.K.", akafuatisha Aeschylus, Sophocles na Euripides, watunzi wa michezo wa Ugiriki ya kale, kengele ikalia. La Bungoma lilianzia matangani. Mwalimu alieleza kumuse, hotuba ambayo Wabukusu huitoa mzee wa heshima akishazikwa, kisha akatangaza kwamba hayo ndiyo maigizo yetu, tulikuwa nayo kabla ya Mzungu kutujengea ukumbi. Huyu wa pili alipigiwa makofi. Mimi nilitoka na shaka juu ya wote wawili.

Nianze na wa Kisumu, maana siku hizi ni rahisi kumdharau. Uzuri wa historia ya Ugiriki ni kwamba viungo vya mchezo vinazaliwa kimoja kimoja, na mtoto anaweza kuvihesabu. Kwanza kuna kwaya inayoimba na kucheza katika sikukuu ya mungu Dionysus. Kisha, kwa mujibu wa mapokeo, Thespis anajitenga na kwaya na kujibizana nayo akiwa mtu mwingine. Aeschylus anaongeza mwigizaji wa pili, Sophocles wa tatu. Akiwa mmoja, atasema na kwaya tu. Wakiwa wawili, wanaweza kugombana mbele ya macho yetu, na hapo ndipo mwanafunzi anapoona mgogoro ni nini bila kukariri maana yake. Isitoshe, waigizaji hao walivaa barakoa, mmoja akabeba nafasi kadhaa katika mchezo uleule. Ni njia gani bora ya kutenganisha mwigizaji na mhusika, maneno ambayo wanafunzi huyachanganya hadi siku ya mtihani?

Lakini mwalimu hakufika huko. Aliacha majina na mwaka, na mwaka wenyewe ni wa mapokeo. Darasa likabaki likidhani maigizo yalishuka melini yakapanda gari la moshi hadi Kisumu. Dhana hiyo ina mizizi: Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo ulifunguliwa Nairobi mwaka 1952, na tamasha za drama za shule zikaanza 1959, mkoloni akiwa bado kitini.

Kwa hiyo ninaelewa hasira ya mwalimu wa Bungoma. Na kumuse ina mengi ya kufundisha. Watu huketi wakizunguka uwanja, mzee anatembea katikati kwa hatua zenye uzito, anataja historia ya ukoo, anaonya, anafariji. Ukitaka mtoto aelewe neno hadhira, mpeleke pale. Hadhira ni ndugu wa kuhudhuria: walio mbali hawamo.

Ila yule mzee haigizi. Anasema kwa kinywa chake mwenyewe, kwa idhini ya ukoo wake. Mwambie mfiwa kwamba umefurahia mchezo, uone kama utapewa chai. Tero buru ya Wajaluo inanitatiza zaidi, kwa kuwa wanaume hukimbia na ng'ombe, mikuki na kelele wakimfukuza adui asiyeonekana, yaani kifo. Kwa mgeni, hilo ni onyesho. Kwa wanaokimbia, ni kazi wanayoifanya kwa dhati. Walioweka matendo kama hayo chini ya miviga, yaani sherehe za mila, na maigizo kando, hawakukosea.

Mwalimu wa Bungoma atanijibu kwamba nimebeba rula ya Mgiriki. Hapo ninambishia. Neno drama lina asili ya Kigiriki na maana yake ni tendo. Kwa rula hiyo, kumuse na tero buru zinaingia bila kubisha hodi. Kinachozizuia mlangoni ni Kiswahili: kuigiza kumetoka kwa kuiga, na tamthilia ni ukoo mmoja na mithili. Lugha yetu inadai mtu awe mithili ya mwingine.

Na mtu huyo tunaye, ila walimu wote wawili walimpita. Ni bibi wa siwindhe, nyumba ambamo watoto wa Kijaluo walisimuliwa sigana usiku. Akifika kwa zimwi Apul Apul, sauti inazama kifuani, mabega yanapanda, watoto wanasogea nyuma. Sekunde moja baadaye yeye ni msichana anayelilia mama yake, nao watoto wanaitikia wimbo. Kwa Waluhya zimwi huitwa linani, na mambo ni yaleyale. Msimulizi mmoja, kundi linaloitikia, na nafsi ya kuazima: Thespis alifanya nini zaidi ya hapo?

Ningepewa kipindi hicho cha kwanza, ningemsimamisha mwanafunzi mmoja asimulie hadithi ya linani, kisha niandike ubaoni anachofanya: mhusika, hadhira, jukwaa. Maleba, yaani mavazi ya mhusika, yatakuja akijifunga leso kuwa bibi. Tanzia na ramsa, yaani michezo ya huzuni na ya kuchekesha, zisubiri. Aeschylus ningemwita mara tu atakapochoka kuruka huku na huku kati ya zimwi na msichana, agande, aniulize kama anaweza kusaidiwa na mwenzake.