Mwalimu wa insha aliyeshindwa insha

Nilifundisha Kiswahili miaka 11 katika shule moja ya msingi wilayani Newala, kusini mwa Tanzania. Siku ya kwanza nilipoambiwa niandike insha yangu mwenyewe, nilishindwa.

Ilikuwa Sacramento, Marekani, mwezi wa Julai, joto la kukausha pua. Tulikaa walimu 16 kwenye meza za duara, na aliyekuwa akituongoza alikuwa mwalimu wa darasa la tano kutoka shule ya jirani, si profesa. Akasema: andikeni dakika 10 kuhusu njia inayokwenda nyumbani mlikozaliwa. Wenzangu wakainama wakaanza. Mimi nikaandika, "Ilikuwa siku ya Jumatatu, jogoo wa kwanza alipowika, niliamka nikamshukuru Mungu." Nikakwama hapohapo. Sentensi hiyo nimewafundisha watoto mamia kwa mamia, nao wameiandika kwenye mitihani hadi ikachakaa. Jogoo gani? Kwetu hatukuwa na jogoo. Bibi alifuga bata.

Sikuja Marekani kusomea uandishi. Nilipata viza ya bahati nasibu, nikaanza kama msaidizi wa darasa, nikasoma tena, sasa nina darasa langu la watoto 24. Hayo mafunzo ya kiangazi niliyoyaingia kwa kubahatisha ni ya mtandao wa walimu unaoitwa Mradi wa Kitaifa wa Uandishi. Ulianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1974, chini ya James Gray, ambaye mwenyewe alikuwa amefundisha sekondari. Wazo lake halikuwa gumu: mwalimu anayefundisha kuandika sharti naye aandike, na mtu wa kumfundisha mwalimu vizuri ni mwalimu mwenzake. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa unaandika kila asubuhi, unasoma ulichoandika mbele ya kikundi cha watu wanne au watano, halafu kila mmoja kwa zamu anaonyesha somo moja lililowahi kumfanikia darasani kwake, makosa yake yote yakiwemo.

Mlinganishe hayo na semina za kwetu. Nakumbuka moja, Masasi mjini, tumesafirishwa kutoka Newala na Tandahimba. Chai na chapati saa nne, bango kitita, mwezeshaji akaandika: UTANGULIZI, KIINI, HITIMISHO. Tukanakili. Mchana wali, jioni ya siku ya pili tukasaini posho, tukarudi. Siku mbili nzima za kufundishwa insha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeandika aya moja ya kwake. Posho siilaumu, ilininunulia bati tatu. Ninacholaumu ni kwamba tulikwenda kusikiliza habari za kuogelea tukarudi hatujalowa.

Najua kuna watakaosema: huyu ameonja Marekani, sasa anatudharau. Subirini kidogo.

Mwaka huohuo wa 1974 TANU ilikaa Musoma ikaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliotoka tu kumaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wanasomea ualimu: masomo ya posta, vipindi vya redio, na mratibu wa kuwafuatilia. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Walimu wa UPE, yaani mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, walichekwa, na mpaka leo mtu akikosea hesabu dukani utasikia "huyu wa UPE". Lakini mjomba ndiye mwandishi mzuri kuliko wote katika ukoo wetu. Barua yake ikifika Dar, mama alikuwa anaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa sababu mjomba akieleza mkorosho ulioangushwa na upepo, unasikia tawi linavyokatika. Nilikuwa nadhani ni kipaji. Siku hizi nafikiri sababu ni ile posta. Alitakiwa kuandika majibu yake kwa maelezo, kuyatuma, kusubiri, kusahihishwa, kuandika tena. Sisi tuliokuja baadaye, tuliokaa chuoni miaka miwili kwa utulivu, tuliandika nukuu za ubaoni na maandalio ya somo. Kwa maneno mengine, kizazi kilichodharauliwa kiliandika kuliko sisi.

Na huku Marekani si peponi. Serikali kuu ilikuwa ikiuchangia moja kwa moja mtandao huo tangu 1991, na mwaka 2011 fungu hilo likafutwa. Kalamu na madaftari ya ziada kwa darasa langu nanunua kwa mshahara wangu. Jambo linaloniumiza zaidi ni upweke. Mwalimu hapa anafunga mlango wake saa mbili asubuhi na kuufungua kengele ya mwisho inapolia. Jirani yangu wa darasa la kushoto, tumefanya kazi jengo moja miaka minne, sijawahi kuona daftari hata moja la mwanafunzi wake. Mafunzo ya kiangazi yanapendwa kwa sababu ni wiki chache za kuwa na wenzako. Newala ofisi ya walimu ilikuwa chumba kimoja, madaftari yamerundikana, kila mtu anasikia kila kitu. "Mwalimu hebu sikia huyu alivyoandika!" Tulikuwa tunacheka tu. Kumbe kile chumba ndicho wanachokitafuta hawa kila Julai.

Siku hizi nyumbani kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na walimu wanakutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Nilipolisikia jambo hilo nilifurahi kweli. Ni bora kuliko semina yangu ya Masasi kwa mbali, maana mwalimu anajifunza alipo, kwa tatizo alilonalo wiki hii. Nikampigia mwenzangu niliyemwacha pale shuleni.

"Ijumaa tulikaa, dada," akaniambia. "Mada ilikuwa kufundisha insha."

"Mkaandika?"

Akacheka. "Tuandike nini, dada? Tulijadili mbinu."

Ndipo ninapobishana na mfumo wetu. Saa tayari mnayo, chumba mnacho, wenzenu mnao. Hakuna fedha ya mfadhili inayohitajika hapo, wala kompyuta. Kinachokosekana ni dakika 15 za kila mwalimu, pamoja na mwalimu mkuu, kuinama na kuandika jambo lake, kisha kusomeana. Mwalimu aliyekwama mwenyewe kwenye sentensi ya pili hatamwambia mtoto "andika tu, mbona rahisi". Atajua kwamba mtoto hakosi maneno. Anaogopa kalamu nyekundu. Mtoto wa Kimakonde akiandika "habali" tunaizungushia duara, na aya nzima aliyoeleza vizuri tunaipita kana kwamba haipo.

Mtaniuliza kuhusu wingi, na mna haki. Darasa langu la mwisho Newala lilikuwa na watoto 87. Ukisoma insha moja dakika tatu tu, ni zaidi ya saa nne, na taa ya sola haina huruma. Matokeo yake tulikuwa tunatoa insha moja kwa muhula, kwa woga. Tena mtihani wa darasa la saba sehemu kubwa ni kutia kivuli kwenye herufi, basi nani ajisumbue? Jibu nililolipata kule kwenye meza za duara linawafaa watoto 87 kuliko hawa 24 wangu: si kila kinachoandikwa lazima mwalimu akisahihishe. Watoto wakae wawiliwawili, mmoja asome, mwenzake aulize swali moja tu, "hapo ilikuwaje?", mwandishi arudi aongeze. Wewe pita, chukua madaftari 10 leo, 10 wiki ijayo. Watoto wetu wamelelewa kwenye vitendawili na hadithi za jioni, kuuliza "ikawaje" hawafundishwi na mtu.

Nilimwomba mwenzangu wajaribu Ijumaa moja. Mada ile ile: njia ya kwenda nyumbani. Walimu sita waliandika, wa saba alisema ana msiba. Mwalimu mkuu, mtu ambaye kwa miaka yote nilimjua kwa matangazo ya mstarini tu, aliandika usiku aliporipoti kituo chake cha kwanza, ameshushwa na lori la magunia porini, godoro kichwani, hajui kijiji kiko upande gani. Mwenzangu anasema ofisi ilinyamaza. Wiki iliyofuata alilipeleka zoezi darasa la tano, na mtoto mmoja akaandika kwamba bibi yake haipendi mvua ya Oktoba, kwa sababu korosho zikilowa zinashuka daraja, na zikishuka daraja hakuna sare mpya Januari. Aliandika "Januali". Haikuzungushiwa duara siku hiyo, wakaizungumza kesho yake.

Basi mwenzangu akanigeukia. "Na wewe, dada? Ya kwako iko wapi?"

Ilinibidi niitafute ile karatasi ya Sacramento. Nikamfuta jogoo. Nikaandika bata wa bibi, vumbi la salfa, ile dawa ya mikorosho, linavyokaa juu ya majani mwezi wa Juni hadi tunakohoa njia nzima ya shule, na pale Shimo la Mungu ambapo ardhi inakatika ghafla, nasi tukishindana kurusha mawe tusisikie yakianguka. Kurasa tatu. Nikazipiga picha nikamtumia usiku wa huku, asubuhi ya kule.

Jibu lilikuja kabla sijalala. Picha ya ukurasa wangu wa pili, ameuchapisha mjini kwa fedha yake, na maneno mawili yamezungushiwa wino mwekundu. Chini ameandika: "Hapo kwenye mawe, ilikuwaje?"