Bwana Mdogo na Mizigo Yake

Mtu mzima akitaka kutoka nyumbani hupapasa mifuko tu: simu ipo, funguo zipo, hela zipo kiasi chake. Anafunga mlango, anakwenda zake. Hata akiambiwa asafiri wiki nzima, mashati mawili na mswaki vinamtosha, na shati moja kati ya hayo litarudi halijakunjuliwa. Sasa njoo umwone huyu bwana mdogo wa kwangu. Ana miezi mitano na nusu. Hana kazi, hana miadi, hana anayemdai. Vidole vyake mwenyewe vya miguu ndiyo kwanza amevigundua juzijuzi, na bado vinamshangaza. Huyo akitoka kwenda kusalimia watu kwa masaa mawili, anatoka na mizigo kama waziri anayehamishwa wizara.

Mimi ndiye mpagazi. Cheo nimekipokea, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu uko kwenye upakiaji.

Tuanze na nepi, maana hapo ndipo ndoa inapotikisika. Hesabu inayojulikana ni nepi moja kwa kila masaa mawili au matatu mtakayokuwa nje, halafu unaongeza moja mbili za akiba. Mimi shule nilikwenda. Masaa mawili ni nepi moja, akiba mbili, jumla tatu. Naziweka tatu, nafunga zipu. Mama mtoto anapita, anafungua zipu, anahesabu kwa kidole, anatia nyingine tatu bila hata kunitazama.

“Za nini hizo?”

“Baba mtoto, foleni je?”

“Foleni ya wapi? Tunakwenda kwa miguu!”

“Haya, na mvua ikitushika huko tukalala?”

Utamjibu nini mtu ambaye kichwani mwake keshalala kwa watu na asubuhi imeshafika? Nikanyamaza. Zikawa sita.

Na nepi yenyewe si kitu cha kudharau. Ndani ya zile za kutupa mna punje zinazokunywa mkojo na kugeuka jeli, zikameza maji mara nyingi kuliko uzito wake. Nyingine zina kale kamstari ka njano mbele, kanakogeuka bluu mkojo ukiingia, upate habari bila kuchungulia. Heshima zao waliobuni. Lakini naona utaalamu wote waliumalizia kwenye mkojo. Kwa ile shughuli nzito, ile inayopanda mgongoni ikitafuta kisogo, hapo kila mzazi ameachwa na Mola wake.

Shughuli hiyo nayo ina saa yake, na saa yake ni pale ninapokuwa nimeshavaa viatu. Shangazi yake anasema ananifanyia makusudi. Hapana, ni maumbile: tumbo likipokea maziwa, utumbo mkubwa huamshwa ukaanza kusukuma cha zamani ili kipya kipate nafasi. Kwa watoto wadogo jambo hilo halina kucheleweshana. Sasa sisi kabla ya kutoka tunafanya nini? Tunamshibisha, ili atulie njiani! Yaani tunabonyeza kitufe wenyewe, halafu tunatafuta mchawi.

Anashiba, anacheua, nakabidhiwa. Begi begani, mkono kwenye kitasa. Kimya. Ile midomo iliyokuwa ikitafuna kola ya shati langu inasimama. Uso unaiva. Macho yanaikazia pembe ya ukuta, ngumi zinakunjwa, goti moja linapanda taratibu. Halafu unasikia. Na kabla hujasikia umeshahisi kwa kiganja, maana kiganja ndicho kilichokuwa chini. Tunarudi kitandani. Nepi inatoka humo humo begini kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, na hesabu zangu zote zinafutwa.

“Zimebaki ngapi?”

“Tano.”

“Tia mbili.”

Kuna kitu kimoja kwenye nguo za hawa watu ambacho nataka kukisifu kabla sijaendelea kulalamika. Zile fulana zinazofungwa vifungo katikati ya miguu, ukitazama mabegani utaona kitambaa kimepishana, kipande juu ya kipande. Wengi hudhani ni urembo. Si urembo! Ni njia ya dharura. Mambo yakiharibika mgongoni, unaipanua shingo ya fulana mpaka ipite mabegani, kisha unaiteremsha kuelekea miguuni, badala ya kuivulia kichwani ukampaka mtoto uso mzima. Aliyebuni vile alikuwa mzazi, tena siku hiyo alikuwa ugenini na watu wanamtazama.

Sasa nguo za akiba: seti mbili za mtoto, sawa. Soksi jozi mbili, moja ya kuvaa na moja ya kupoteza. Kofia ya jua, kofia ya baridi, na zote mbili atazivua kwa hasira ndani ya dakika. Blauzi moja ya mama, imekunjwa vizuri, imewekwa chini kabisa kwa siri. Nami niliyembeba, niliyemwekea bega acheulie, mwenye shati lililokwisha kuwa ramani, nguo yangu iko wapi? Naambiwa begi limejaa. Limejaa! Limejaa soksi za mtu asiyetembea.

Maziwa ndiyo usiguse. Maziwa ya kopo yana masharti yake na hayana mzaha. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kukorogea yawe na joto lisilopungua nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu na moto ndio unaovimaliza. Halafu chupa ipozwe mpaka mtoto aweze kunywa. Halafu ikishakorogwa na kukaa bila friji, mwisho masaa 2, mwaga. Kwa hiyo huwezi kukoroga nyumbani ukaondoka nayo kwa raha zako. Unabeba thamosi ya maji ya moto, kikopo cha unga uliokwisha kupimwa, chupa safi, na chupa safi ya pili kwa sababu ya kwanza itaanguka, na itaangukia chuchu. Mtu akiniona njiani na thamosi ile inachungulia begini ananiuliza chai bei gani.

Yale ya mama yana adabu zaidi. Yanakuja na joto lake na chombo chake, wala hayamwagikii nepi. Lakini mama naye ni mtu, kuna siku anakamua ili mwingine amlishe, na hapo tunaingia mambo ya barafu: yaliyokamuliwa yakikaa nje ni masaa 4, yakikaa kwenye mfuko wa ubaridi pamoja na vipande vya barafu vyake, mpaka masaa 24. Basi begi langu lina upande wa moto na upande wa baridi. Mgongo wangu unapata habari za pande zote mbili.

Nitamshukuru kwa jambo moja tu. Kabla ya miezi 6 hahitaji maji ya kunywa, maziwa yanamtosha. Ni chupa moja imepungua. Nikafurahi, nikaona nafasi begini. Nilipogeuka, nafasi ile ilishakaliwa na sungura.

Sungura huyu ana kitufe tumboni. Ukikibonyeza anaimba. Mtoto akiwa analia, akiwa amechoka, akiwa anahitaji sana sungura, betri hazisikii wala hazioni. Lakini mkiingia mahali penye utulivu, watu wameinamisha vichwa, msemaji amemeza mate anatafuta neno la kufariji wafiwa, thamosi inamlalia sungura tumboni. Anaimba beti zote, na hana mahali pa kuzimia. Unatia mkono begini ukimtafuta umnyonge, na kila unachoshika ni soksi.

Hapo ndipo nafika kwenye mifuko ya hilo begi. Nje mitano, ndani sijui mingapi, pembeni kuna mingine ya wavu, na mmoja umejificha nyuma ambao nadhani hata fundi aliyeushona hakumbuki. Kila mfuko una kazi yake rasmi, na kazi hizo anazijua mtu mmoja. Mimi hupewa maelekezo kwa mbali: “Uko kule kule!” Kule kule wapi? “Kwenye mfuko wake!” Wakati huo mtoto amefungua kinywa mpaka unaona koo, nami natafuta chuchu bandia kwa mkono mmoja, mwingine umembana yeye. Natoa risiti. Natoa kipimajoto. Natoa soksi. Natoa mafuta ya makalio, na kifuniko chake hakipo.

Mafuta hayo yastahili aya yake. Ni meupe, mazito, yana oksidi ya zinki, na kazi yake ni kuukinga mkojo usifike kwenye ngozi ukaleta upele. Kazi nzuri kabisa. Lakini tafakari: kitu kilichotengenezwa kisiondolewe na majimaji, kikiingia kwenye suruali nyeusi, utakiondoa kwa nini? Kwa maji? Ndiyo maana suruali yangu ya kutokea ina alama nyeupe ya kidole gumba, na kila fundi wa kufua ananiuliza kama napaka rangi nyumba.

Tishu nyevu nazo zina tabia. Ukitaka moja ya kufuta mate, zinatoka tisa zimeshikana mikono. Ukitaka tisa, mtoto amelala chali miguu hewani na kisigino kinaelekea kuchovya pale pasipotakiwa, inatoka nusu.

Halafu ubadilishe wapi? Hilo waulize kina baba. Kila penye meza ya kubadilishia mtoto, nenda kaangalie picha ya mlangoni: sketi. Choo cha wanaume kina kipande cha kioo na bomba la maji, basi, mwanamume mwenye nepi mkononi hakuwa kwenye mchoro. Marekani ilibidi itungwe sheria, Rais Barack Obama akaitia saini mwaka 2016, kwamba majengo ya serikali kuu yanayoingiwa na umma yawe na meza hizo kwenye vyoo vya wanaume na vya wanawake. Taifa lililopeleka watu mwezini mwaka 1969 lilihitaji miaka 47 zaidi kugundua kwamba baba naye ana mikono! Wengine bado tunasubiri mwezi wetu. Ndiyo maana nabeba na kitandiko cha kubadilishia, na vifuko vya kutia ile iliyotumika, na huwa nainamia kwenye kona yoyote yenye sakafu kavu, watu wakipita wananipa pole bila kusimama.

Msiniambie habari za kigari. Kigari kina mpini, na mpini unakuita: tundika begi hapa, pumzika. Maelekezo ya kigari yanakataza, hakuna anayeyasoma. Begi likiwa nyuma na mtoto akiwa mbele, mizani inakaa sawa, mnatembea mnapendeza. Mnyanyue mtoto sasa. Kigari kizima kinakwenda chali, magurudumu juu, thamosi inabingirika barabarani, na sungura anaanza kuimba.

Juzi bibi yake alikuja, akalitazama begi, akalizunguka, akacheka mpaka akatoa kitambaa.

“Sisi tulikuwa tunatoka na nepi mbili za kitambaa na pini. Mbili! Na mlikua.”

“Mama, shikamoo yako nakupa ya pili. Ile iliyochafuka mlikuwa mnaiweka wapi?”

Akaniambia mtoto anahitaji hewa, akamchukua, akatoka naye nje. Akakaa huko kitambo, mikono mitupu, hana begi, hana tishu, anajivuna. Nikawaangalia dirishani. Nikaona goti moja linapanda taratibu. Sikusema kitu, mimi ni mkwe, nina heshima zangu. Nilipomsikia anaita “Baba mtoto! Lete hilo begi lako, na haraka!”, nilitafuta viatu kwanza, vyote viwili, nikafunga na kamba.

Kati ya nepi zilizokuwa begini, alitumia mbili. Ya tatu akaitandika mapajani mwake kwa usalama. Mama mtoto aliniangalia tu kwa pembe ya jicho, akaenda kabatini, akarudi na nyingine tatu.

Na msidhani mzigo unapungua kadiri anavyokua. Kuna nepi kule chini kabisa ya begi ni za saizi iliyopita, maana nepi huenda kwa kilo na yeye kilo hazimngoji mtu. Hazitupwi. “Ni nzima, zitafaa kwa mwingine.” Mwingine yupi? Nimeuliza swali hilo kwa sauti ya chini na sijajibiwa, na kwa sasa sitaki kujibiwa.

Wiki mbili zijazo anatimiza miezi sita, anaanza kula. Orodha nimeshasomewa: bakuli lenye mfuniko, vijiko viwili laini, vitambaa vya kifuani vitatu, kikombe chenye masikio, na yale maji ya kunywa niliyokuwa nimesamehewa. Begi limeonekana ni dogo. Jana usiku nimemkuta mama mtoto kwenye simu anatazama mabegi yenye magurudumu, na alichokuwa anasoma kwa makini ni kama mpini wake unamfikia mtu mrefu.