Roba ya pauni 60

Kwetu Dar, roba ya mbao ni ya vibaka. Ukisikia mkono umepita shingoni usiku, jua simu imekwenda. Huku Uingereza watu wananilipa pauni 60 kwa mwezi niwafundishe roba ileile kama mchezo, na wakishakabwa wanashukuru. Tofauti ni kwamba huku uliyemkaba akikugonga kwa kiganja mara mbili unaachia. Mama nilipomsimulia alicheka, kisha akauliza: "Bima ipo?"

Ipo, tena ndiyo waliyoniuliza kwanza.

Mwalimu wangu wa judo nyumbani alitufundishia kwenye turubai lililotandikwa juu ya maranda, bure. Siku akiona unapiga mtama na ngwala bila kumvunja mwenzio mkono, anakusukumia watoto: "Haya, wafundishe hawa." Umeshakuwa mwalimu.

Huku nikahamia jiu-jitsu ya Brazil. Kwa kanuni za shirikisho lao, IBJJF, mkanda wa bluu mtu mzima kwa kawaida hukaa nao angalau miaka 2, zambarau mwaka na nusu, kahawia mwaka 1, ndipo uote mweusi. Mimi ilinichukua miaka 9. Nikaenda ukumbini kuomba kazi kifua mbele. Meneja mkanda hata hakuutazama. Alitaka cheti cha DBS, yaani rekodi yangu ya polisi, cha huduma ya kwanza, cha ulinzi wa watoto, na hiyo bima. Nilinuna. Nikaona wameniweka kundi la vibaka kweli.

Siku hizi sinuni. Mchezo wetu ni wa kulaliana: unamkalia mtoto wa mtu kifuani, umemkamata kola. Tangu 2022 sheria ya England na Wales inamtia hatiani kocha anayelala na mwanafunzi wake wa miaka 16 au 17, hata kama karidhia. Mwalimu wangu alikuwa mtu safi, lakini hakuna mzazi aliyewahi kuja kuuliza. Tulibahatika tu.

Ninachokikosa huku ni ile "Haya, wafundishe hawa." Mwanafunzi hapa ni mteja. Majuzi kijana mmoja, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, kadi yake ya benki iligoma, na mlango ukakataa kumfungulia. Nikamwona kupitia kioo, kasimama kwenye mvua na begi lake. Nikampitisha mlango wa nyuma.

Kesho yake meneja akaniandikia: asiyelipa, bima haimhusu, akivunjika shingo ni juu yako. Na hapo ana haki, ndiyo maana bado nina hasira.