"Jikubali" haitoshi, muuzaji ana namba ya simu

Nikisikia mtu mzima anamwambia binti wa miaka ishirini anayelichukia umbo lake "jikubali, mwanangu", najua hajawahi kuishika simu ya huyo binti hata kwa nusu saa.

TikTok haitegemei anachosema anakipenda. Inaangalia video ipi ameimaliza na ipi ameirudia. Akimkodolea macho dada mwenye kiuno cha nyigu kwa sababu anajichukia, mtambo hauioni chuki, unaona ametulia tu. Basi unamletea wengine wa namna hiyohiyo. Na uso anaoutamani huenda ni filta: ile ya Bold Glamour ya mwaka 2023 ilinata usoni kiasi kwamba hata ukipitisha mkono mbele haikatiki.

Wenye mitandao wanajua. Nyaraka za ndani za Facebook, wenye Instagram, zilizovujishwa na aliyekuwa mfanyakazi wao Frances Haugen mwaka 2021 zilionyesha kwamba kati ya wasichana ambao tayari walikuwa na wasiwasi na miili yao, karibu mmoja kati ya watatu alisema Instagram inamzidishia.

Hapa Dar kuna la ziada: duka. Mkorogo, ile krimu ya kujichubua, haukuanza na simu. Kariakoo umeuzwa miaka nenda miaka rudi, na krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku lakini hazikosekani. Zamani, hata hivyo, ilibidi upande daladala, uulize kwa aibu, utolewe kopo chini ya kaunta. Sasa muuzaji anakufuata kitandani saa sita usiku, wakati uleule unaojikagua mapaja. Namba ya WhatsApp iko hapohapo kwenye video. Kesho bodaboda yuko getini na kichupa kisicho na lebo: cha makalio, cha kung'arisha, cha kukata tumbo.

Wavulana nao wamo, ila wao wanajificha nyuma ya utani. Jimu za uswahilini, zile za vyuma vya saruji, zimejaa vijana wanaotaka kifua cha miezi miwili. Ukiwauliza, wanasema ni afya. Haya.

Mdogo wangu sikumhubiria. Nilimwonyesha sehemu ya TikTok ya kuanza upya mtiririko wa video, ipo tangu 2023. Akaletewa mapishi na ubishi wa Simba na Yanga, akacheka sana. Haukupita muda, muuzaji wa vidonge vya shepu akarudi. Huyo haondoki kwa kitufe, anaondolewa na wenye mamlaka. Vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, dawa ziko chini ya mamlaka ya dawa, TMDA, na laini anayopokelea hela kila siku imesajiliwa kwa alama za vidole.